Somo Lililokatwa na Kipenga

Juzi mjukuu wangu, anayesomea udaktari, alinikalisha kwenye kiti cha jikoni akaniambia, "Shosho, jifanye umekatwa mguu." Wikendi anakwenda kuwafundisha watoto wa shule moja hapa Ruiru huduma ya kwanza, na kwa kuwa mimi ndiye ninayempikia, nikageuzwa darasa la majaribio. Nikamnyooshea mguu wa kushoto. Mguu huo hauna haja ya kujifanya, lakini nilinyamaza nimwache afundishe.

Rafiki yangu, kama hukuiona Ruiru ya miaka ya hamsini, usihangaike kuitafuta leo katikati ya majumba ya kupangisha. Ilikuwa kahawa hadi upeo wa macho. Msimu wa kuchuma, maganda yalichacha nyuma ya kiwanda na harufu yake ikaingia mpaka kwenye githeri yetu ya mahindi na maharagwe. Ilikuwa pia Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikipambana na wapiganaji wa msituni. Tuliishi kijiji kipya kilichozungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa ncha, lango moja tu, na homgadi, askari mwenyeji wa serikali, mwenye bunduki langoni. Kipenga chake kikilia, ulikimbia ndani bila kutazama nyuma. Aliyekutwa nje hakuulizwa maswali mengi.

Kila Jumamosi, mwanafunzi wa udaktari alikuja shuleni kwetu kwa treni kutoka hospitali ya Thika, alikokuwa akifanyia mafunzo. Mkufunzi wake alitaka kila mwanafunzi afundishe watoto, maana aliona kuwa kijana anayeshindwa kumweleza mtoto ugonjwa, yeye mwenyewe hajauelewa. Wetu alikuwa kijana mrefu kutoka upande wa Kisumu, hajui Kikuyu hata cha kuombea maji, kwa hiyo alitufundisha kwa Kiswahili huku jasho likimtoka. Tulimcheka na tulimpenda. Tulimwita Daktari Mdogo.

Jumamosi moja somo lilikuwa kuzuia damu. Alimlaza chini jirani yangu wa dawati, akamfunga kitambaa juu ya goti, akapitisha kijiti na kukizungusha mpaka kitambaa kikakaza. Tulisogea wote tuone. "Sasa sikieni," akasema. "Mkishakaza hivi, jambo kubwa kuliko yote ni..."

Kipenga kikalia, mapema kuliko kawaida. Tulitoka mbio, vumbi na kelele, naye akakimbilia stesheni.

Siku chache baadaye, asubuhi, nilikuwa nikikata majani ya mbuzi na wenzangu kando ya handaki. Panga likateleza, likanipata kwenye muundi. Damu ilinitoka sijapata kuona. Unadhani wenzangu walilia? Walifurahi! Jirani yangu wa dawati alichana leso yake, akafunga, akapitisha kijiti, akazungusha kwa nguvu zake zote. Damu ikakoma. Wakapiga makofi, wakanibeba hadi nyumbani kama bibi harusi, nami nikajiona mtu wa maana sana.

Fahari hiyo haikufika mchana. Mguu uliuma, ukafa ganzi, kisha vidole vikawa baridi, rangi ya jivu. Nyanya yangu aliporudi kutoka kwenye kazi ya lazima ya kuchimba matuta, alinishika unyayo akashtuka.

"Huu mguu unakufa," alisema, akapeleka mkono kwenye kijiti.

Jirani yangu wa dawati akasimama mbele yake, utovu wa adabu ambao siku nyingine ungemletea kiboko. "Hapana gusa, Cucu! Daktari hakusema tufungue!"

"Alisema nini basi?"

Kila mtoto akaimalizia ile sentensi kwa kichwa chake. Mmoja alisema jambo kubwa ni kutofungua kamwe. Mwingine, ni kumnyima mgonjwa maji. Mwingine akaapa kwamba ni kusali. Nilimtazama nyanya, nikaona mkono wake umesimama hewani. Akifungua, damu ingefoka. Akiacha, mguu ungeoza. Hakujua, na kumwona hajui kuliniogopesha kuliko jeraha lenyewe.

Mwalimu aliitwa. Naye hakujua. "Apelekwe Thika kwa huyohuyo aliyefundisha," akasema, na tukapakiwa kwenye lori la kahawa, mimi nikiwa nimelala juu ya magunia.

Langoni homgadi alitusimamisha. "Mama, pasi ya Thika iko wapi?"

Nyanya hakuwa na kibali hicho cha kutoka kijijini. Mwalimu alibembeleza, dereva akabembeleza, homgadi akazunguka lori polepole kana kwamba ana mchana kutwa. Ndipo nyanya akamwambia, "Njoo ushike." Akamvuta mkono, akauweka kwenye vidole vyangu. Homgadi aliuondoa upesi, kama aliyegusa maiti. Alifungua lango.

Hospitalini tulimkuta Daktari Mdogo pamoja na mkufunzi wake. Kijana aliona kijiti, uso ukambadilika.

"Nani aliwafundisha kufunga hivi?"

"Ni wewe," nikasema.

Mkufunzi akampisha. "Basi malizia somo lako."

Daktari Mdogo alikilegeza kijiti kidogo kidogo, mkono mwingine ukigandamiza jeraha kwa kitambaa safi. Uhai uliporudi mguuni ulirudi kama moto, nikapiga mayowe, na bado vidole vilikuwa vya jivu. Nyanya alisali kwa sauti. Tulingoja, sote tukikodolea macho unyayo mmoja wa mtoto, mpaka kidole gumba kikaanza kuiva wekundu. Daktari Mdogo aliketi sakafuni akalia. Mguu ulipona, ila upande wa nje wa unyayo hauhisi kitu hadi leo.

Jumamosi iliyofuata alikuja, hakutusalimu hata. "Leo tunaanza na mwisho," akasema. "Mkishakaza, mkimbizeni mgonjwa hospitali papo hapo." Tangu hapo alifundisha kila somo kinyumenyume. Kabla hujajua ugonjwa ni nini, ulishajua ni lini ukimbilie hospitali.

Somo lake la mwisho lilikuwa surua, iliyokuwa ikimaliza watoto kijijini. Alianza: mtoto akikataa kunyonya, akipumua kwa haraka, msingoje, mpelekeni hata kama kipenga kimelia. Akavuta pumzi aendelee, na kipenga kikalia. "Tutamalizia Jumamosi," akasema.

Hakuja tena. Wengine walisema alinyimwa pasi, wengine kwamba alihamishwa. Sisi watoto hatukuambiwa kitu. Sasa shule imebomolewa, handaki limefukiwa, na watu wamelala juu yake bila kujua. Hayo siyalilii. Lakini wanangu walipougua surua, mmoja baada ya mwingine, nilikimbia nao, na wote wako hai, wazee wenye mvi. Somo lile sikulipata lote. Nimetamani maisha yangu yote nimwone tu, nimwambie kwamba nusu ile ilitosha.