Kinanda cha Mume Mwenzangu

Siku niliyomwambia mama nimenunua kinanda, alitoka nje kuitafuta bodaboda iliyokileta. Hakuiona. Nikafungua kompyuta, nikamwonyesha kwenye kioo: mbavu za mbao, funguo nyeupe na nyeusi, vitufe vya kuzungusha safu tatu. Akatazama, akachungulia na nyuma ya kompyuta.

"Sasa chenyewe kiko wapi?"

"Kimo humu, mama."

"Umenunua picha," akasema, akarudi jikoni.

Nilikuwa nimenunua programu inayoigiza sauti ya vinanda vya umeme vya zamani, vile ambavyo leo ukitaka kimoja cha kweli utauza shamba na bado usikipate. Nina steshenari Kibiti, karibu na stendi. Natoa kopi, nachapa barua za kuomba kazi, napiga picha za pasipoti, na wateja wakipungua naingia mtandaoni kusikiliza vinanda. Wauzaji wananijua. Kila wiki wananitumia ujumbe kwamba bei imeshuka, leo tu, na mimi kila wiki naamini. Ndani ya miezi michache nilikuwa na vinanda sita, na nyumbani kwangu hakikuwepo hata kimoja ambacho ungeweza kuweka kikombe juu yake.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nakitafuta kimoja tu, cha babu.

Babu mzaa mama alipiga kinanda katika kikundi cha taarabu cha kijiji cha Umwe, na mwimbaji alikuwa bibi. Kinanda chenyewe alikinunua Dar, kutoka kwa bendi ya hoteli iliyovunjika, akakileta juu ya magunia ya mkaa. Kwetu bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", kwa hiyo mimi na babu tulikuwa tunagombea mke mmoja. Nikifika ananipokea kwa maneno: "Umekuja kumchungulia mke wangu tena? Huna kazi?" Nami namjibu afanye haraka kufa, nimechoka kungoja. Utani huo niliurudia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Mwaka wa mafuriko kinanda kilikaa kwenye tope siku nne. Babu alikianika juani, akakifungua, akakifunga, hakikutoa sauti tena. Mwaka uliofuata naye akatutoka, na bibi akaacha kuimba. Si kwamba alitangaza. Ukimwomba tu anakwambia koo linawasha.

Basi mdogo wangu wa kike akaposwa. Alisema hataki kabati wala friji, anataka siku ya harusi bibi aimbe ule wimbo wa kumpokea bwana harusi, walioutunga yeye na babu. Tukamfuata Umwe.

"Mie siimbi bila kinanda cha mwenyewe," bibi akasema. "Mwambieni huyu mume wangu mdogo, si ana vinanda sita? Aniletee."

Nikampelekea. Nilibeba kompyuta, spika na kibodi ndogo, nikapanga vyote ukumbini kwake kwa mbwembwe za fundi. Jirani zake wawili, walioitikia nyimbo zake tangu ujana, waliacha kupepeta mpunga wakaja kukaa. Nikapiga, wakaimba. Ubeti wa kwanza safi. Wa pili safi, na bibi alifumba macho, nikaanza kujisifu moyoni. Ubeti wa tatu wote watatu wakashuka. Sauti zao zilizama taratibu, kwa pamoja, mimi nimebaki juu peke yangu.

Bibi akafumbua macho. "Unakwenda wapi?"

"Mimi nipo palepale, bibi. Nyie ndio mmeshuka."

"Hee! Nimeimba wimbo huu kabla mama yako hajaota meno, leo weye unanifundisha?" Akainyooshea kompyuta kidole. "Hicho kiziwi. Kiondoe."

Jirani mmoja akacheka hadi ungo ukamponyoka. Bibi hakucheka. Alikuwa ameumia, na mimi ndiye niliyemuumiza kwa kitu nilichokinunua ili kumfurahisha. Nilirudi Kibiti nimewakasirikia wauzaji wa mtandaoni, nikamkasirikia na bibi pia, kimoyomoyo, maana kwa sauti nisingethubutu.

Siku mbili baadaye mama alikuwa akisugua masufuria huku akiuimba wimbo uleule. Alipofika ubeti wa tatu, akashuka. Palepale waliposhuka wenzake, bila kinanda wala spika. Nikabaki nimesimama mlangoni na kikombe cha chai.

Ndipo nikakumbuka. Harusi zetu zilikuwa za mchana, na kinanda cha babu kilikuwa hakipendi joto. Jua likikipata, sauti inalegea na kushuka, na wimbo ule mrefu haukuwahi kufika ubeti wa tatu kabla hakijalegea. Bibi hakutaka kumwaibisha mumewe mbele za watu, akawa anashuka naye. Waitikiaji wakamfuata. Kijiji kizima kikajifunza wimbo na homa yake. Kosa lenyewe bibi alilijua, maana kila likifika alikuwa akigeuza shingo, anamtupia babu jicho moja na kusema, "Pandisha, mzee." Babu alikuwa akitabasamu tu.

Nikaifungua tena programu. Pembeni kabisa kuna kitufe nilichokuwa nimekidharau, kimeandikwa umri kwa Kiingereza. Wataalamu wale walihangaika kutengeneza kinanda kisichokosea, kisha wakahangaika tena kukitilia makosa ya uzee. Mimi nilikuwa nimekiweka sifuri tangu mwanzo, nikidhani nimelipia kitu kizima. Nikakizungusha hadi mwisho. Sauti ikaanza kutetemeka, lakini haikushuka vya kutosha, ikabidi nijifunze kupiga kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiteremsha sauti kidogokidogo kwa kigurudumu cha kibodi. Wateja wa kopi walivumilia ubeti wa tatu wiki nzima.

Siku ya harusi bibi hakuwa ameahidi chochote. Alikaa chini ya turubai na kanga zake mpya, ananitazama kama mtu anayemtazama fundi cherehani aliyewahi kumharibia nguo. Bwana harusi alipoingia, nikaanza. Nilipiga utangulizi mara moja, bibi yupo kitini. Nikaurudia, yupo. Mdogo wangu alikuwa ameinamisha kichwa kama biharusi anavyotakiwa, ila macho yake yalikuwa kwangu, na nilimwona anakaribia kulia. Nikaurudia mara ya tatu, jasho linanitiririka. Bibi akainuka, akamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti.

Sauti yake ilikuwa ikikwaruza, lakini ilikuwa yenyewe. Ubeti wa kwanza, wa pili, wanawake wanapiga vigelegele. Ubeti wa tatu ulipoanza nikaushusha mkono wangu wa kushoto, taratibu, na turubai zima likashuka pamoja nasi.

Bibi akageuza shingo. Jicho lile moja likatua, si kwangu, bali kando ya bega langu, kwenye nafasi tupu.

"Pandisha, mzee," akasema.

Sikupandisha. Babu hakuwahi kupandisha hata siku moja.