Utetezi Mbele ya Mama Mkwe

Chuoni kwetu, mlimani juu ya Kendu Bay, sote tulilala, tulikula na kubishana ndani ya ua mmoja. Ubishi ndio uliotushibisha, maana maharagwe ya bwalo hayakuwa na ladha. Mwaka wa mwisho kila mmoja alisimama ukumbini kuitetea tasnifu yake mbele ya watahini, na aliyeshindwa kujibu alirudia mwaka.

Mwenzangu wa chumbani alitoka Macalder, na aliandika kuhusu wanawake waliochimba dhahabu kwao. Kijana wa maneno yule. Ungemwamsha usingizini angekujibu kwa hoja. Shida ni kwamba Desemba alikuwa amepeleka ng'ombe wa mahari kwa kina mchumba wake, na mama wa mchumba alikuwa mhadhiri wetu wa historia, mtahini pekee aliyelijua somo hilo. Kwetu Wajaluo, mama mkwe humtazami usoni, huli mbele yake, sembuse kumpinga. Nilimsihi aombe mtahini kutoka chuo kingine. Akaniambia kwamba kumkimbia mama huyo ndiko kungekuwa kumvunjia heshima. Nilimwona mjinga.

Siku ikafika. Mama akauliza kwa Kiingereza kikavu: kitabu chake mwenyewe kilionyesha kwamba wanawake wale walikuwa vibarua tu wa waume zao, sasa kijana alikuwa na ushahidi gani wa kukipinga? Rafiki yangu akainamisha kichwa, kimya kama maji mtungini. Mwenyekiti akarudia swali. Kichwa kikazidi kuinama. Mwenyekiti akashika kalamu, nami nikajua mwaka wake ndio huo unakwenda na maji.

Hapo mama akasimama, akakigeuza kiti chake, akaketi akitazama ukuta. Akaacha Kiingereza, akaacha na Kidholuo, akasema kwa Kiswahili, lugha ambayo huku tunaizungumza na wageni.

"Mimi ni mtu tu nimekuja kuuliza. Hunijui, sikujui. Nijibu."

Nilimpenda mama yule papo hapo, na hadi leo nampenda.

 Rafiki yangu alianza polepole, akiuambia mgongo ule habari za nyanya wa Macalder aliowarekodi kwa simu, mashimo waliyoyamiliki wenyewe, na wanaume waliokuwa vibarua wao. Sauti ikapanda. Akakirudia kitabu cha mama ukurasa baada ya ukurasa, akikibomoa kwa adabu. Mwishowe akasema, "Kwa hivyo hapo ulikosea."

 Mabega ya mama yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Kumbe alikuwa anacheka. Hakugeuka.

"Mpitisheni," aliuambia ukuta. "Na mtu amwambie binti yangu, sasa nimeelewa alichokiona."