Kengele Ndani ya Ukungu

Mambo yote yale yaligharimu kikapu kimoja cha majani chai na gambuti moja, ya mguu wa kushoto. Hesabu hiyo nimeipiga mara mbili na haibadiliki, ingawa kuna kitu kingine ambacho mpaka leo sijui nikiweke upande gani. Kwetu, juu kidogo ya Boito, ukungu wa Agosti ulishuka kabla ya mapambazuko ukalalia majani chai mpaka saa nne, ukinukia udongo uliolowa na moshi wa jiko la jirani. Ukinyoosha mkono, vidole vilipotea. Ndiyo maana ng'ombe wetu alivalishwa kengele, akikata kamba tumfuate kwa sauti. Niliyeifunga shingoni mwake ni mimi.

Tulikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nyakundi, kinyozi aliyetoka upande wa Kisii, alikuwa ameweka televisheni na mashine ya gemu nyuma ya kibanda chake pale senta, penye maduka. Diski ilikuwa moja, ya kunakiliwa, maandishi yote ya Kijapani, lakini hadithi ilieleweka bila kusoma. Mtu mwenye tochi dhaifu anamtafuta dadake mdogo katika mji uliojaa ukungu. Kiunoni ana kengele ndogo, na ikilia ujue kinakuja kitu ambacho bado hukioni. Kadi ya kuhifadhi mchezo hatukuwa nayo, kwa hivyo kila siku tulianza mwanzo kabisa. Mimi nilipatana na Nyakundi nifagie nywele, nicheze mpaka nife mara moja. Akataka nifue taulo pia. Nikamwambia taulo ni kufa mara mbili, akacheka, akakubali.

“Huyu atafunga macho tena,” vijana walinisimanga kutoka kwenye benchi.

“Yangu yako wazi. Wewe je, mbona umeshika shati la mwenzako?”

Katikati ya likizo nilimfikia yule dada mdogo wa kwenye gemu, juu ya daraja, na hakuna mwingine aliyekuwa amefika huko. Nyakundi alimwacha mteja kichwa kimenyolewa nusu akaja kutazama. “Kumbe una roho, Langat!” Nilipanda mlima kwenda nyumbani nikitembea kama mtu mwenye roho.

Asubuhi iliyofuata Mama alinituma shamba la juu nikachume majani pamoja na dadangu Chebet, aliyekuwa na miaka sita na kikapu cha mchezo. Tulichuma bila maneno, majani mawili na chipukizi, maji yakitiririka ndani ya mikono ya sweta. Kikapu changu kilikuwa kimejaa hadi ukingoni niliposikia kengele. Ikalia, ikanyamaza, ikalia karibu zaidi, na kichaka kikatikisika. Sikuwaza ng'ombe. Nilitupa kikapu nikakimbia, gambuti ikabaki kwenye matope ya mtaro, na nyuma yangu nikasikia, “Langat!” Kisha tena, “Langat!” Sikugeuka.

Kogo, nyanya yetu, alikuwa mlangoni akipepeta mahindi. “Chebet yuko wapi?”

“Nimekuja kuita watu,” nikasema. “Kuna kitu huko juu.”

Majirani walipanda na mapanga. Walimkuta Chebet amesimama kati ya mistari ya chai, ameshika ng'ombe wetu kwa ukanda wa kengele, anambembeleza asizidi kukanyaga majani yaliyomwagika. Watu wakacheka, kisha wakanisifu. “Kijana ana akili,” mzee mmoja alisema. “Mwingine angebaki kupiga kelele tu.” Kogo alinimiminia mursik kabla ya watu wazima, kikombe kimejaa, na maziwa yale ya kibuyu niliyoyapenda kuliko chakula chochote niliyaweka chini bila kuyaonja. Chebet alikuja akaketi karibu nami.

“Nilikuita,” akasema kwa sauti ya chini.

“Sikusikia.”

“Mara mbili.”

Hakumwambia mtu. Kwa Nyakundi sikurudi. Nilisema nimechoka na taulo.

Siku hizi umeme umefika hadi shamba la juu, na chai inakatwa kwa mashine inayonguruma hata kengele isingesikika. Chebet anaishi Chepseon, ana duka na mtoto wa kiume wa miaka minane. Mtoto huyo amepata gemu ileile kwenye simu, anaogopa kuicheza peke yake, na amenipigia nije Jumamosi tukae wote. “Mama amesema wewe huogopi,” ameniambia. “Amesema siku ile ulienda kuita watu.” Nyuma yake nilimsikia Chebet akipanga soda dukani. Sijui kama amesahau, au ananingoja tangu siku ile. Kupatana na mtu bei naweza, hili limenishinda. Wewe unayesoma, nishauri kabla ya Jumamosi: nimwambie kwanza mtoto, au nianze kwa Chebet, nimwambie kwamba nilimsikia mara zote mbili?