Masweta ya Zipora na Watu Elfu Arobaini

Zipora hana dogo. Mhezi nzima, huku juu milimani Upare, inalijua hilo, kuanzia mwenyekiti wa kijiji hadi mchungaji, ambaye aliwahi kumwambia kwa upole kwamba sauti yake inafaa zaidi kwaya kuliko vikao. Zipora akamjibu palepale kwamba kwaya ina sauti za kutosha, vikao ndivyo vinavyozikosa. Ni mjane, mfupi, mwenye mabega mapana, na ameshakula chumvi ya kutosha kuitwa bibi. Lakini akiitwa bibi na mtu mzima mwenzake, haitiki.

Kazi yake ni kufuma masweta. Ukishuka Same mjini utakuta watu wanajifuta jasho tangu saa tatu asubuhi, na mgeni anayepanda gari la mlimani na shati lake jepesi huwacheka wenyeji waliojifunga makoti. Akifika Mhezi mwezi wa saba, ukungu umekaa juu ya migomba na haoni hata paa la kanisa, anaanza kujikumbatia mwenyewe. Watoto wa huku wanakwenda shule katika ukungu huo, na wengi wao wanakwenda ndani ya sweta la kijani lililotoka kwenye mashine ya Zipora, ile aliyonunuliwa na marehemu mumewe na ambayo hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kuigusa.

Ana namna yake ya kufanya kazi. Mama anakuja na sweta la mtoto mkubwa, limembana, viwiko vimetoboka. Zipora analifumua lote, anaosha uzi, anauanika ukiwa umefungwa jiwe ili unyooke, kisha anamfumia mdogo mtu sweta jipya, akiongeza uzi wa dukani pale ule wa zamani ulipochoka. Bega la mtoto analipima kwa vidole vyake mwenyewe, halafu anaongeza vidole viwili vya kukulia. Miaka mingi akina mama wa Mhezi wamevusha watoto wao baridi kwa njia hiyo, na kwa njia hiyohiyo Zipora amesomesha wa kwake, kuanzia Filipo, mkubwa wao.

Sasa ana mtoto wa kaka yake, Elibariki, mwenye studio ya picha Same mjini. Kijana mzuri, mcheshi, ila akikaa dakika tano bila kuangalia simu utadhani anaumwa. Pasaka alipanda mlimani kumsalimia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mbona mkono mmoja tu? Au huo mwingine umeota simu?"

Elibariki akacheka, akaomba amrekodi akifumua sweta. Zipora akamruhusu, kwa kuwa hakuwa na muda wa kubishana. Kijana akamchokoza: watu wanasema Wapare ni wabahili, shangazi unasemaje? Zipora hakuinua hata uso. "Ubahili uko wapi hapa? Uzi haujazeeka. Mtoto ndiye amekua." Kisha akaendelea kuvuta uzi wake kana kwamba hakuna mtu mbele yake.

Maneno hayo yakaenea mtandaoni. Kabla mwezi haujaisha, ukurasa ambao Elibariki alimfungulia shangazi yake ulikuwa na wafuasi elfu arobaini. Wengi walikuwa wanacheka tu. "Wapare bwana, mpaka sweta linarithiwa!" Lakini katikati ya vicheko hivyo wengine waliandika mambo mazuri. Nataka hilo la kijani, la saizi yangu. Mimi mawili, mama. Weka na oda yangu.

Hapo ndipo kosa lilipoingia, na lilikuwa kosa la mtu mwaminifu. Mhezi, mtu akisimama mlangoni akasema "nifumie", mambo yameisha. Hakuna anayesema hivyo kwa kujifurahisha, na hajatokea mtu akasema halafu asirudi. Zipora alimsikiliza kijana wake akimsomea "nataka" moja baada ya nyingine, naye akazipokea zote kama watu waliosimama mlangoni kwake. Elibariki alijua kidogo kwamba mtandaoni mambo si hivyo, lakini kichwa kilikuwa kimeshavimba.

"Shangazi, huu ndio wakati wako. Achana na mambo ya kufumua matambara. Fuma mapya, ya watu wazima, kijani kilekile."

Akapandisha magunia ya uzi. Zipora akajifunga kibwebwe.

Mwishoni mwa mwezi wa tano akaja Hellen, jirani wa bondeni, na mfuko mkononi. Ndani kulikuwa na sweta la mwanawe Nathanaeli, ambalo sasa lilipaswa kuwa la binti yake Careen, aliyeanza darasa la kwanza.

"Hodi mama Filipo. Shikamoo."

"Marahaba Hellen. Karibu, ila leo sina pa kukukalisha." Ilikuwa kweli, masweta yalikuwa yamejaa hadi kitandani. "Kuwa na subira mwanangu. Nina oda za watu."

"Watu gani, mama Filipo?"

"Wafuasi."

Hellen aliyatazama yale masweta makubwa ya kijani, akautazama mfuko wake. "Shule zikifunguliwa mwezi wa saba baridi itakuwa imeshashuka."

"Unanifundisha mimi baridi?"

"Basi iambie na yenyewe iwe na subira," Hellen akasema, akaondoka na mfuko wake.

Hakuwa peke yake. Akina mama walikuja, wakaambiwa wasubiri, wakaacha kuja. Siku ya gulio walikwenda kwa Salehe, mfanyabiashara anayeleta masweta ya kiwandani, mepesi lakini yaliyo tayari. Zipora alisikia habari hizo na moyo ukamshtuka. Hao akina mama ndio waliokuwa maisha yake. Wakishamzoea Salehe mwaka mmoja, mwaka wa pili hawatakumbuka hata njia ya kwake. Alilijua hilo vizuri, lakini kiburi kikamwambia kwamba mtu mwenye elfu arobaini hawezi kuhangaika na mama mmoja mwenye mfuko.

Masweta yakakamilika. Elibariki akayapiga picha juu ya ukuta wa mawe, na ukungu ukiwa nyuma yake, picha za kupendeza kweli. Watu wakamwaga mioyo myekundu kama mvua ya masika. Bei ilipotajwa, wakaingia mitini. Walionunua walikuwa wawili. Mmoja mwalimu wa Makete, ambako kuna baridi kama ya Mhezi, na mwingine binti wa Chome, hukuhuku Upare, aliyeolewa Mbulu kwenye baridi. Wale wa Dar es Salaam, na ndio waliokuwa wengi, wakaandika kwamba sweta ni zuri mno, hongera mama, endelea hivyohivyo.

"Niendelee hivyohivyo vipi?" Zipora akauliza. "Nipe namba ya mmoja wao. Huyo aliyesema mawili."

Akapanda hadi nyuma ya kanisa, mahali ambapo mtandao unashika, akapiga. Akapokea kijana mmoja aitwaye Nickson, na nyuma yake ilisikika feni ikizunguka.

"Naongea na Zipora wa Mhezi. Masweta yako mawili yako tayari."

Nickson alifurahi sana. Akamwita bi mkubwa, akamwambia kwamba ofisini kwao wote wanampenda. Kisha akapunguza sauti. "Ila mama, sweta Dar nitalivaa wapi? Mimi nilikuwa nakuunga mkono tu."

"Mkono upi? Mimi huku sijauona."

"Si nilikufuata? Na nikaandika, ili upate watu zaidi."

"Watu zaidi wa kufanya nini?"

Zipora akakata simu, akaongea Kipare peke yake njia nzima ya kurudi, na ni bora isitafsiriwe. Hata wafuasi wa Yesu walikimbia, alimwambia Elibariki baadaye, na hao walikuwa kumi na wawili tu.

Akajaribu kuwauzia majirani. Wakamcheka. Mtu mzima avae kijani cha shule, aonekane amerudia darasa?

Shule zikafunguliwa. Asubuhi ya kwanza Zipora alisimama uani kwake akiwatazama watoto wakipita kwenye ukungu. Wengine walivaa masweta ya Salehe. Wengine hawakuvaa kitu juu ya shati, wameingiza mikono kifuani. Careen alipita na khanga ya mama yake imefungwa mabegani, midomo imekauka. "Shikamoo bibi," akasema, akaendelea kukimbia ili apate joto.

Zipora aliingia ndani, akakaa juu ya masweta yake. Aliona aibu. Hakuizoea, na aliichukia mara moja. Akainuka, akashuka bondeni.

Hellen alikuwa anapukuchua mahindi. Hakunyanyuka.

"Nimekuja kuchukua lile sweta la Nathanaeli," Zipora akasema.

"Nimeshalifanya dekio, mama Filipo. Nilikuletea mtoto, ukaniambia una wafuasi."

Zipora, ambaye hajawahi kukiri kosa mbele ya mwenyekiti wala mchungaji, alichuchumaa kando ya mahindi. "Nimekosa," akasema, na neno lenyewe lilimtoka kwa shida kama mwiba. "Lakini Careen hatavaa khanga baridi hii. Nitafumua la mtu mzima. Jioni akitoka shule mlete nimpime. Na wenzako waambie waje na watoto wao."

"Hawatakuja. Wamekasirika."

"Wakasirike wakiwa kwangu."

Mchana huohuo Elibariki akapanda kutoka Same, na alikuwa na mpango. Wagawe masweta matatu bure, kwa mashindano. Wafuasi watafika laki. Zipora alimsikiliza hadi mwisho, akatoa sweta moja juu ya rundo, akaliweka pajani na kuanza kutafuta ncha ya uzi.

"Shangazi! Unafanya nini?"

"Nafanya kazi."

"Hilo ni jipya! Hilo halijavaliwa!"

"Ndiyo. Na ndilo tatizo lake."

Kijana alimwomba, akamsihi, akataka hata kulivuta. Alipoona haiwezekani akafanya kile anachokijua, akatoa simu na kuanza kurusha moja kwa moja. Zipora alimwona.

"Rusha," akasema. "Waone."

Wakaona. Uzi wa kijani ulitoka mstari kwa mstari, na watu wakamiminika kutazama kama wanaotazama nyumba inayobomolewa. Wengine walilia kwa maandishi. Wengine wakamwita kichaa. Elibariki aliyasoma yote kwa sauti. Zipora hatimaye aliinua uso kwenye kamera.

"Nyie mnaonicheka kwamba tunarithishana sweta, chekeni, sijali. Lakini msiniambie nataka wakati hamtaki. Mimi nilishinda kwenye hii mashine wiki nzima nzima kwa ajili ya maneno yenu. Anayelitaka sweta la Zipora apande Mhezi, alete bega lake nilipime. Asiyesikia baridi aniache nifanye kazi."

Wakati huo Hellen alikuwa ameshafika mlangoni, na Careen amesimama mbele yake, bado na khanga mabegani. Nyuma yao walikuwepo akina mama wengine wawili, nyuso zimenuna. Hakuna aliyesalimia. Hellen alitazama ule uzi uliokuwa ukirundikana sakafuni na kuanza kujisokota, na mtu anayejua kazi hauachi uzi ujisokote. Akavuta kigoda, akaketi mkabala na Zipora, akashika ncha na kuanza kuviringa donge. Zipora hakumshukuru. Alivuta tu polepole kidogo, ili mwenzake aende naye sawa.

"Shangazi, tumefika elfu sitini!" Elibariki alikuwa anaruka. "Sitini! Na subiri, kuna mtu hapa. Anasema simamisha, usilimalize hilo, analitaka hilohilo, si jingine. Huyu siyo wa maneno, shangazi. Ameomba namba, anatuma hela sasa hivi. Anatoa mara mbili!"

Mikono ya Zipora ikasimama. Mwili wa sweta ulikuwa umeshakwisha nusu, lakini kwa siku moja angeweza kuufuma tena, na hakuna ambaye angejua. Mara mbili ya bei ni kitu. Akina mama wale wawili walisogea karibu. Hellen alishika donge lake, macho yameangalia chini.

Careen alikuwa anaangalia uzi.

"Mwambie hili limeshapata mtu," Zipora akasema, akavuta kwa nguvu, na sweta likaendelea kwisha. "Careen, toa hiyo khanga. Njoo na bega lako hapa."