Kaseti Moja ya Mama

Mama hakujua kuandika. Nilipokuwa nikisoma Uingereza, alinitumia kaseti kutoka chumba chetu cha Lindi, mtaani Kibera. Tulikuwa na moja tu: nilifuta maneno yake nikirekodi yangu, naye akafanya vivyo hivyo.

Jumamosi moja nilizuru nyumba ya mwandishi wa kale. Nikiwa kwenye bustani yake, nilirekodi sifa za meza aliyoandikia na maua yake juu ya sauti ya Mama: "We, unakula chakula ama unakula vitabu?"

Kaseti ilifika Mama ameshafariki. Matangani, kwa dada yangu Kawangware, waombolezaji walitaka kusikia sauti ya marehemu. Dada akaicheza. Wakanisikia mimi, nikisifu nyumba ya watu.