Alichosomea Naima

Mie na Naima Fakihi tulikaa dawati moja kwa miaka minne, katika shule ya kata huko Temeke. Mie niliishia kuwa mwalimu wa baiolojia. Yeye akawa daktari. Watu wakiniuliza rafiki yangu anatibu nini, huwa nasita, maana wengi wa anaowahudumia wamekwishakufa.

Mama yake, Bi Hamisa, anashona sare za shule pale Buguruni. Binti alipochaguliwa kwenda kusomea udaktari, Bi Hamisa alifunga kibanda chake cha kushonea siku nzima, jambo ambalo hafanyi hata akiumwa. Lakini siku ya kwanza Naima kuingizwa kwenye chumba cha kujifunzia viungo vya mwili, penye maiti zilizolazwa mezani, alinijia nyumbani.

"Deme, mie siwezi," aliniambia. "Kuna bibi mmoja pale, kucha zake bado zina hina."

Mwezi mzima hakugusa nyama. Alirudi darasani hivyo hivyo, akamaliza miaka mitano, kisha akaanza ule mwaka mmoja wa mafunzo hospitalini ambao kila daktari mpya hupitia.

Huko ndiko yalikomkuta. Aliletwa binti wa kazi za ndani ambaye mwajiri wake alisema kaanguka kwenye ngazi. Alifika amekufa. Bingwa wa uchunguzi wa maiti hakuwepo, na polisi walihitaji fomu ijazwe. Naima akaambiwa aangalie mwili na kuandika. Aliona michubuko mgongoni, mingine mibichi, mingine imeanza kugeuka rangi. Aliiandika yote. Ila kwenye sababu ya kifo alibaki ameshika kalamu, kisha akaandika: haijulikani.

"Mwili ulikuwa unanieleza kitu," aliniambia wiki kadhaa baadaye, "na mie sikuijua lugha yake." Kesi ile haikufika popote. Wazazi wa yule binti walikuja wakachukua mwili wa mtoto wao, wakarudi kwao Singida.

Alipotangaza kwamba anataka kubobea kwenye patholojia, yaani uchunguzi wa nyama za wagonjwa na wa maiti, ili baadaye asomee vifo vya kesi, vile vinavyofika polisi na mahakamani, Bi Hamisa aliweka mkasi chini.

"Umesoma miaka yote hii ili ushinde mochwari? Wenzio wanazalisha, wanatibu watoto. Nani atakuoa wewe?"

"Mama, na hao wa mochwari nao ni wana wa watu."

"Ndiyo. Na wanao watu wao wa kuwaosha."

Walikaa karibu miezi miwili wakisalimiana tu. Naima aliendelea na kazi yake ya udaktari wa kawaida, nafasi ya masomo ikapatikana, akaingia. Mtaani Bi Hamisa alisema binti yake anasomea maabara. Hakuwa amedanganya sana. Mwaka wa kwanza Naima aliumalizia kwenye hadubini, akitazama vipande vya nyama vilivyokatwa kwa wagonjwa walio hai, kujua nani ana saratani na nani hana. Mwalimu wake, Dokta Elinaza, Mpare mpole asiyependa haraka, alimwambia asiyejua kutazama kipande kidogo hivyo asiguse mwili mzima.

Mwaka wa pili ndipo alipoletwa Suhaib.

Suhaib alikuwa mtu wa Chamazi, umri wa miaka thelathini na minane, fundi wa majokofu. Alikula chakula cha mchana nyumbani, akashika kifua, akaanguka. Ndugu zake wakasema mkewe, Salma, kamtilia sumu, kwa kuwa wawili hao walikuwa wamegombana juma lile. Polisi walimshikilia Salma, wakaagiza mwili uchunguzwe. Kesho yake asubuhi kaka mkubwa wa marehemu, Nassibu, alisimama mlangoni mwa mochwari na wanaume wanne.

"Shikamoo, kaka," Naima alimwamkia.

"Marahaba. Sie hatutaki mtu wetu akatwekatwe. Sumu kapewa, inajulikana. Tupeni tukazike."

"Kama kapewa, itaonekana. Na kama hakupewa, je?"

Nassibu aliwageukia wale wanaume wanne.

"Nitamsitiri," Naima alisema. "Sitafunua zaidi ya ninapohitaji, na nitamshona vizuri. Adhuhuri haitaadhiniwa hamjakabidhiwa."

Walimpisha. Alifanya kazi huku Dokta Elinaza akiwa pembeni yake. Kifuani damu ilikuwa imejaa. Ule mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo ulikuwa umechanika, na moyo wenyewe ulikuwa umetanuka, moyo wa mtu aliyeishi na presha kwa miaka bila kupimwa. Walichukua sampuli za tumbo zikapimwe sumu, kwani sheria inataka hivyo, lakini jibu walikuwa nalo mikononi.

Naima alitoka kuwaeleza ndugu. Aliwachorea moyo kwenye karatasi. Nassibu aliitazama ile karatasi, akauliza kama presha ni ya kurithi. Naima akamwambia akapime, yeye na wadogo zake wote. Kuhusu Salma, hakuuliza lolote.

Suhaib alizikwa alasiri ile Salma akiwa bado mahabusu. Aliachiwa siku ya tatu. Alipomaliza eda alikuja kumtafuta yule daktari, akamkuta Naima kwenye korido.

"Nilitaka kujua," Salma alisema, "aliumia sana?"

"Kidogo. Muda mfupi mno."

Salma akaitikia kwa kichwa, akaanza kulia, na Naima akamshikilia. Wakwe zake hawajamwomba radhi hadi leo. Lakini jina lake limesafishwa kwa maandishi, na amerudi Mwananyamala kwa wazazi wake anakojulikana kama mjane, si muuaji.

Naima alinisimulia haya mbele ya mama yake, tukimenya viazi. Bi Hamisa alisikiliza hadi mwisho, akauliza: "Na huyo mtoto wa watu angefungwa?" Naima akasema huenda. Tangu siku hiyo sijamsikia tena Bi Hamisa akimuuliza binti yake habari ya mume.

Mtihani wa mwisho Naima alishindwa sehemu moja, akairudia baada ya miezi sita, akafaulu. Sasa yuko Afrika Kusini anasomea vifo vya kesi. Anasema kupasua si kazi ngumu. Ngumu ni kusimama mbele ya hakimu na kusema ulichokiona kwa maneno ambayo kila mtu ukumbini anayaelewa. Huwa wanafanyishwa mazoezi, na profesa mmoja humkatisha kila mara. Kwa hiyo Jumapili hunipigia simu, ananisomea ushahidi wake wa mazoezi, nami humwambia: hapo rudia, Naima, hapo mie nimepotea.