Chumvi Usoni mwa Chebet

Mwaka huu wa 2008 nimejisomea jinsi seli za njia ya hewa zinavyofungua na kufunga milango midogo ya chumvi. Milango hiyo ikikwama, makohozi huganda, na jasho la mtoto huwa na chumvi kupita kiasi.

Majuzi Chebet, binti mdogo wa jirani yangu hapa Subukia, alikuwa akikohoa. Nilimbusu kwenye paji la uso ili nionje. Chumvi tupu!

"Mama Chebet, milango yake imekwama," nilitangaza kwa upole, nikamweleza ugonjwa huo. Mama akaanza kulia.

Hapo ulimi wangu ukawaka moto. Chebet alikuwa ameshika hindi choma lililopakwa ndimu na chumvi, na kila akikohoa alijipangusa uso kwa mkono uleule.

"Mzee," mama akauliza akijifuta machozi, "na pilipili nayo, hupitia mlango gani?"